Kiatu cha Mguu wa Kulia

Jumatatu, 1 Julai 1974. Arua
Daftari hili lilikuwa la mahudhurio ya kidato cha pili. Kurasa zilizobaki nimejigawia mwenyewe, maana karatasi siku hizi imeadimika kama sukari. Leo nimepata barua kutoka Nairobi, kwa mhariri wa Jarida la Masimulizi. Makala yangu kuhusu nyimbo za harusi za wanawake wa Kinubi imekataliwa mara ya nne. Mhariri anasema nimeeleza vizuri sana jinsi wanawake wanavyopanga mstari na jinsi ngoma inavyooteshwa moto, "lakini, Bi Medina, nyimbo zenyewe ziko wapi?"

Nyimbo zenyewe ziko mtaani Oli, kichwani mwa shangazi yangu Hawah. Miaka minane namfuata na madaftari yangu. Kila nikimwomba ananijibu neno moja: "Bado." Kwenye harusi nikisogea kuandika, anabadilisha maneno mbele ya macho yangu au anaimba kwa ulimi uliojikunja hata sishiki kitu. Na mimi ni damu yake, binti wa kaka yake.

Mvua tangu adhuhuri.

Alhamisi, 4 Julai
Mvua. Nimesahihisha insha arobaini, hakuna ya maana.

Jumapili, 7 Julai
Nina hasira hata kalamu inatoboa karatasi.

Severino Ladu, yule kijana wa Sudani anayefundisha historia shuleni kwetu, alipita hapa saa kumi akitokea Oli. Alikuwa amelowa mpaka magotini na anacheka peke yake. Kwapani amebeba mashine ya shule ya kunasa sauti, ameifunga kwa mfuko wa plastiki kama mtoto mchanga.

"Dada Medina," akasema hata kabla hajakaa, "mama Hawah amenipatia wimbo sita! Sita, kwa saa mbili tu!"

Nikamuuliza ameendaje kwa shangazi yangu. Akasema alikwenda kumsalimu tu, akambebea nusu kilo ya sukari aliyopata kwa madereva wa malori kule mpakani Vurra. Kiarabu chake cha Juba na Kinubi chetu vinasikilizana, basi wakazungumza, na alipomwomba wimbo akaimbiwa. Hivyo tu. Kama mtu anayeomba maji ya kunywa.

Nilimpa chai. Ilikuwa ya bila sukari na sikumwomba radhi. Severino ana miaka ishirini na tisa, mimi thelathini na nane. Alipokuja Arua, mkimbizi mwenye suruali moja, mimi ndiye niliyemweleza doluka ni nini, kwamba ni ngoma yetu ya harusi, kwamba waimbaji ni wanawake, kwamba mtu akifanya jambo la aibu mtaani wataliimba na yeye akiwepo. Hakujua hata hilo. Sasa ana nyimbo sita na mimi nina madaftari kumi na moja ya namna ya kupanga mstari.

Nimeona nilitaje jambo hili kwa jina lake, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Ni wivu. Unanikaa hapa, chini ya koo, na chai haiuteremshi.

Jumatano, 10 Julai
Mvua. Severino anapiga mluzi ofisini.

Ijumaa, 19 Julai
Severino amealikwa Kampala. Kuna kongamano la fasihi simulizi mwezi ujao, na mtu aliyesoma naye aliwaandikia waandaaji habari za zile nyimbo sita. Mkuu wa shule, Bwana Ocama, alitutangazia kwenye kikao cha walimu, kwa kile Kiswahili chake anachojikaza nacho tangu kifanywe lugha ya taifa: "Shule yetu itaonekana, walimu. Sisi yote tutaonekana." Walimu wakapiga makofi. Nikapiga na mimi. Viganja viliniwasha hadi jioni.

Baada ya kikao akanifuata varandani.

"Dada, niazime daftari yako moja. Mimi iko na wimbo, lakini sijui kueleza namna watu wanaimba. Wewe ndiyo unajua."

Nilitaka kumwambia yote yako kwa fundi anayejalidi. Lakini aliniangalia kwa macho ya mtu asiyejua kwamba anachukiwa, nikampa daftari la tatu. Ndilo bora kuliko yote. Nilimpa bora ili nipate haki ya kuumia.

Jumamosi, 10 Agosti
Ameondoka na basi la asubuhi. Mvua ya mawe jana. Nimejikuta nikiuliza watu sokoni kama barabara imekatika.

Haikukatika.

Jumapili, 18 Agosti
Amerudi. Amekuja moja kwa moja hapa, na vumbi lake, na mkoba mpya wa kongamano wenye zipu. Profesa mmoja, mzee mwenye vitabu vyake, alivua miwani akapangusa macho Severino alipousoma wimbo wa nne. Watu walisimama. Mhariri wa Jarida la Masimulizi alikuwa ukumbini, akamwomba makala hapo hapo, kabla ya chakula cha mchana.

Mhariri yule yule.

"Nimetaja jina yako kule," akaniambia. "Nimewaambia iko mwalimu mmoja Arua, ananizidi mbali."

Nikasema asante. Nilidhani ananivisha kilemba cha ukoka. Nilikaa naye nusu saa na sikumuuliza wimbo wa nne unasema nini, kwa sababu sikutaka kumwona akifurahi kunijibu.

Alhamisi, 22 Agosti
Nimeota nimemvua yule profesa miwani, nimeikanyaga.

Jumanne, 3 Septemba
Bahasha nene kutoka Nairobi. Ndani yake mna makala iliyopigwa taipu, kurasa kumi na tisa, haina jina la mwandishi, pamoja na fomu. Mhariri anaandika kwamba jarida lina desturi ya kumpa kila makala msomaji mmoja anayelijua eneo, aipime kwa siri. Amenichagua mimi. Toleo la Oktoba liko tayari kiwandani, linasubiri makala hii tu. Kwenye fomu kuna maswali matano, la pili likiwa hili: "Je, nyimbo zilizonukuliwa ni za kuaminika?"

Jina lilitolewa, lakini nani asiyemjua? Makala inaitwa "Vituo Vitano vya Majonzi." Inasema kwamba wimbo wa nne ni kumbukumbu ya wake wa askari wa Sudani walioletwa huku zamani, karne iliyopita, na kwamba umepita kutoka kwa mama hadi binti bila kupotea neno. Nimeunukuu hapa kama alivyoufasiri:

Mahali pa kwanza tulilia.
Mahali pa pili tulishusha mizigo yetu.
Mahali pa tatu matope yalikula kiatu,
kiatu cha mguu wa kulia.
Mahali pa nne wanaume walisukuma, wanawake waliomba.
Mahali pa tano hapakuwa na mtu wa kutupokea.

Niliusoma mara moja. Nikausoma tena. Kisha nikaweka karatasi mezani nikaenda kusimama mlangoni.

Kiatu hicho ni changu.

Mwezi wa tano, Jumamosi moja, mimi na shangazi tulipanda basi kwenda Koboko kwa binti yake Zulaika. Shangazi alilia basi lilipoanza kuyumba, hata hatujaiacha Arua vizuri, kwa kuwa hapendi magari. Mbele kidogo utingo akatuamuru tushushe mizigo ili basi lipande kilima. Tulipofika bondeni magurudumu yalizama, tukatelemka wote, nami nikatia mguu kwenye tope jeusi, ukatoka bila kiatu. Kiatu cha kahawia, cha kulia, nilikinunua Kampala. Tulikichokonoa kwa fimbo hatukukiona. Wanaume wakasukuma basi. Shangazi akasoma Fatiha kwa sauti. Na Koboko hatukupokewa na mtu, kwa sababu Zulaika alidhani tunakuja Jumapili.

Mwandishi ana tanbihi kuhusu mahali pa nne. Anasema kilichosukumwa bila shaka ni mzinga wa vita. Kuhusu kiatu ameandika kurasa tatu. Anasema kiatu kimoja ni nusu ya safari, ni mtu aliyebakizwa mguu mmoja katika nchi aliyoiacha. Hapo ndipo profesa alipovua miwani.

Nilicheka nikavunjika mbavu, peke yangu, mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Sijacheka hivyo tangu mwaka uanze.

Jumatano, 4 Septemba
Nimekwenda Oli baada ya vipindi, na mwavuli uliovunjika. Shangazi alikuwa akikaanga gurusa, ile mikate yetu myembamba, amefunga kichwa kwa kitambaa cha njano. Nikamsomea wimbo. Akacheka mpaka kisu cha kugeuzia kikamwanguka.

"Nilimutungia," akasema. "Yote sita nilimutungia. Mutu ametoka mvua, ameleta sukari, nitamurudisha mukono mutupu? Lakini ngoma ilikuwa pale ukuta, baridi, haijaona moto. Wanawake hakuna. Ngoma baridi, mimi nitatoa wimbo gani ya kweli? Nikaangalia kichwa yangu, nikaona ile basi."

"Yeye ameamini ni wimbo wa mababu, shangazi. Utachapwa jaridani."

"Basi mwambie."

"Kwa nini usimwambie wewe?"

"Mimi sina aibu na wimbo yangu. Yeye ni rafiki yako ama yangu? Mwambie, mwanangu, kabla hajakwenda nayo mbali."

Nikamuuliza, kwa kuwa niliona amefungua mlango, kwa nini mimi hajanipa hata wimbo wa uongo. Severino kwa nusu kilo ya sukari, na mimi miaka minane.

Akageuza mkate. "Wewe iko nakaa kwa mulango na kalamu, kama karani ya kodi. Wanawake nacheza, wewe naandika nani amecheza. Hata siku moja hujaingia katikati. Uongo naweza kupa mgeni. Wewe si mgeni."

Nikarudi nyumbani nikiwa na hasira naye pia.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimekaa na fomu tangu saa nane mchana.

Nikiandika "si za kuaminika," makala inakufa leo, na Severino atajua tu kwamba msomaji fulani hakuipenda. Atasikitika wiki moja. Watu watamwonea huruma, Ocama atasema Nairobi wanatuonea, mimi nitabaki na madaftari yangu. Na mhariri atadhani ni kijicho cha mwanamke aliyekataliwa mara nne.

Lakini ikichapwa, itasomwa Nairobi na Dar es Salaam na Ibadan. Halafu katika toleo linalofuata nitatokea mimi, na jina langu kamili, na tarehe ya basi, na rangi ya kiatu. Hakuna mhariri atakayekataa makala ya namna hiyo. Watu watamcheka yeye na watanisoma mimi.

Nimeliona wazi wazo hili, na ubaya wake nimeuona. Sikusukumwa na shetani yeyote. Kwenye swali la pili nimeandika: "Naam. Ni za kuaminika kabisa."

Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Ijumaa, 6 Septemba
Nimetia bahasha posta. Mvua.

Jumatano, 18 Septemba
Mfungo umeanza. Severino, Mkristo, hali mbele yangu ofisini, huenda kula ndizi yake nyuma ya ghala ili nisimwone. Amejulishwa kwamba makala imepita. "Msomaji amesema kabisa, dada! Hata neno moja hajaondoa!"

Naandika jibu langu. Nimeliita "Kiatu Kiko Matopeni: Jibu kwa Vituo Vitano." Ni kitu bora nilichowahi kuandika. Sentensi zinakuja zenyewe.

Jumapili, 22 Septemba
Shangazi: "Umemwambia?"
Nikasema bado. Akaniangalia kidogo, kwa kuwa nimemrudishia neno lake mwenyewe, akaendelea kuchambua mchele.

Jumatano, 2 Oktoba
Asubuhi nimepeleka jibu langu posta, kwa rejista.

Mchana Severino akaniambia habari ambayo ningependa kuisikia jana. Chuo Kikuu kinamfikiria kwa kazi ya ualimu msaidizi, kuanzia Januari. Sharti ni moja, awe na makala iliyochapwa. Alikuwa akikunja na kukunjua ile barua. Ndugu zake wengi wamerudi Sudani tangu amani ipatikane, yeye alibaki hapa akingoja kitu ambacho hakukijua jina, na sasa anadhani ndicho hiki.

"Sijawahi kuwa na kazi yenye jina langu kwa mulango," akasema.

Nilikuwa nimefunga, kinywa kikavu. Ningeweza kumwambia hapo hapo. Nilifikiri kuhusu jina lake mlangoni, na badala ya kuona huruma nikaona wivu tena, mpya kabisa, kama haujawahi kutumika. Nikasema, "Mungu akujalie."

Jumatatu, 7 Oktoba
Mvua kubwa. Paa la maktaba limevuja, tumekausha vitabu darasani.

Alhamisi, 17 Oktoba
Idi. Nyumba ya shangazi ilijaa watu. Severino alikuja na kanzu ya kuazima, fupi, watoto wakamfuata. Shangazi alimpa mguu wa kuku, mimi akanipa mbawa. Akanivuta jikoni.

"Umemwambia?"

"Leo Idi, shangazi."

"Mimi sijauliza leo ni nini."

Jumanne, 22 Oktoba
Jarida limefika. Severino alikuja kulileta mwenyewe, anapumua kama amekimbia kutoka posta, na bila shaka alikimbia. Alifungua ukurasa wa arobaini na moja akaniwekea magotini.

Vituo Vitano vya Majonzi
Medina Kenyi na Severino Ladu

Jina langu limetangulia.

"Nilitia jina yako wakati wamenitumia prufu, ile karatasi ya kusahihisha kabla ya kuchapa," akasema. "Nilitaka ushangae. Dada, mimi nilikuwa na wimbo tu. Kueleza kote ni daftari yako ya tatu. Ningefanyaje, niibe? Soma chini pale."

Nikasoma chini pale. Anamshukuru mwalimu ambaye kwa miaka minane alikusanya bila kuchoka, na ambaye alimfundisha mwandishi mwenzake kusikiliza.

Nilikuwa nimeingoja karatasi hii yenye jina langu kwa miaka minane. Nililigusa jina kwa kidole. Wino wake mweusi, mzito kidogo, herufi zimesimama vizuri. Nikaanza kulia, na yeye akafikiri ni furaha, akatoka nje kwa adabu ili nilie kwa nafasi.

Ijumaa, 25 Oktoba
Barua ya mhariri, mistari mitatu. Amepokea kwa rejista jibu kali la Bi Medina Kenyi dhidi ya makala ya Bi Medina Kenyi. Anakumbuka pia fomu aliyoijaza Bi Medina Kenyi. Anaomba aelezwe.

Jumatatu, 28 Oktoba
Sikwenda kazini. Nilisema homa.

Jumapili, 3 Novemba. Koboko
Naandika nyumbani kwa Zulaika, asubuhi, wengine wanaosha masufuria. Jana ilikuwa harusi ya binti yake.

Tulikuja Ijumaa. Severino alifika jana mchana. Zulaika ndiye aliyemwalika, akamwambia njoo usikie doluka uone. Amebeba bahasha yenye nakala kumi za makala yetu, ambazo jarida huwapa waandishi, ili moja ampe shangazi kwa mikono yake mbele ya watu. Kwa saa nzima nilimkwepa. Nilihesabu sahani ambazo hazikuhitaji kuhesabiwa.

Saa tisa mvua ikamwagika. Wanawake wakajazana chini ya turubai. Ngoma ilikuwa imelala nje kwa uzembe wa mtu, ngozi imelegea, ukiipiga inatoa sauti ya gunia la unga. Wakataka moto wa kuiotesha. Kuni zimelowa, majani yamelowa, mafuta ya taa hayajaonekana Koboko wiki mbili. Bibi harusi amekaa, mikono imepakwa hina, wageni wanatazamana.

Shangazi akaangaza macho huku na huku, yakatua kwenye bahasha.

"Ladu, hiyo karatasi yako iko kavu?"

"Kavu, mama. Ni ile wimbo yako. Nimeleta kwako."

"Wimbo yangu?" Akanitazama mimi. Alinitazama muda wa kutosha wanawake wengine kugeuka. Kisha akamwambia kwa upole, "Mwanangu, leta. Ngoma nataka moto."

Severino alicheka, akadhani ni mzaha, akaona si mzaha. Akatoa nakala tisa. Ya kumi aliikunja akaitia ndani ya koti. Shangazi aliziwasha moja moja kwenye karai, akaigeuza ngoma juu ya ndimi za moto kama anavyogeuza mkate. Niliona jina langu likijikunja, likawa jeusi, likaenda. Ngozi ikaanza kukaza. Akaigonga kwa kidole, ikaita.

Akaimba. Alitoa maneno moja moja, bila kuukunja ulimi, nami nikayashika yote. Nayaandika kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza:

Mgeni alikuja na sukari, ngoma ilikuwa baridi,
nikampa wimbo wa njia ya Koboko.
Yuko mtu ana macho, mdomo hana.
Alimwona mgeni akinywa maji ya kunawia,
akakaa mlangoni, akaandika, akanyamaza.
Ewe mwenye kiatu kimoja,
mguu wa pili umeuficha wapi?

Wanawake wakaupokea mstari wa mwisho, wakaurudia na kuurudia, na vigelegele. Desturi ya wanawake hawa naijua vizuri, iko kwenye daftari la tatu: anayeimbwa ana njia mbili, aondoke na asirudi mtaani mpaka wasahau, au aingie katikati acheze aibu yake mbele yao. Nilikuwa mlangoni mwa turubai, kalamu mkononi. Severino alikuwa ng'ambo, amesimama. Kinubi cha shangazi hakikumpita hata neno moja. Niliuona uso wake ukishuka.

Nikaweka kalamu juu ya pipa. Nikavua kiatu cha kulia, nikaingia.

Sijui kucheza. Miaka minane nimeandika namna bega linavyopaswa kwenda na bega langu halijui. Tope lilikuwa baridi. Walinizunguka, wakaniimbia usoni, Zulaika akanifuta machozi kwa ncha ya kanga yake huku anaendelea kuimba. Shangazi hakuacha ngoma hata nilipoanguka kwa goti moja. Nilipoinuka ndipo alipotabasamu.

Severino alinisubiri karibu na gari la bwana harusi, analowa.

"Ulijua tangu lini?"

"Septemba, tarehe tatu. Msomaji aliyesema kabisa ni mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa wivu, Severino. Sina sababu nyingine. Nilikuonea wivu kwa nyimbo, kwa Kampala, mpaka kwa jina lako juu ya mlango usiokuwapo. Nilitaka uanguke mbele ya watu. Na jibu la kukuangusha nimeshalituma."

Nilitaka anitukane. Alitoa ile nakala ya kumi ndani ya koti, akaitazama, akaipasua katikati, nusu moja akanipa mimi.

"Andika barua ya kweli. Andika yote, na hii wimbo ya leo. Mimi nitatia saini." Akaanza kwenda, akageuka. "Lakini, mwalimu, usinikaribishe chai tena."

Hakuniita dada.

Jumatatu, 11 Novemba. Arua
Barua imekwenda, saini mbili. Nimeambatanisha wimbo, jina la mwimbaji, mahali na siku, na kwamba ngoma ilioteshwa moto. Saini yake ameitia ofisini akiwa amesimama, hakuketi.

Jumamosi, 16 Novemba
Mvua nyepesi. Shangazi haulizi tena kitu.

Jumanne, 26 Novemba
Chuo Kikuu kimemjibu Severino. Nafasi imepewa mtu mwingine. Ameomba Ocama amwachilie mwisho wa muhula, anarudi kwao Sudani. Leo nimekuta daftari la tatu mezani pangu. Amelifunika kwa gazeti ili lisilowe.

Jumamosi, 30 Novemba
Mvua imekatika kabisa. Vumbi la kwanza limeingia madirishani.

Shangazi amenitumia watu: Jumamosi ijayo kuna harusi hapa Oli, nikamsaidie kuiotesha ngoma, nikatafute kuni kavu mapema. Kuhusu kalamu hakusema nije nayo wala nisije nayo.

Na mhariri ameandika. Atachapa masahihisho yote katika toleo la Machi, pamoja na wimbo, ambao anauona kuwa kitu cha kwanza cha kweli kilichotoka kwetu. Ana ombi moja tu. Wasomaji wa mbali hawatamjua huyo mwenye macho asiye na mdomo, anayetajwa katika mstari wa tatu. Anaomba tanbihi fupi, kama inawezekana kumtambua.

Nimeipiga taipu mara mbili:

1. Medina binti Kenyi, mwalimu, Arua. Alijua.